Pai ya matufaha ya Kigezi, kwa mzee asiye na meno

Baba yangu ana miti 14 ya matufaha na hana meno ya kuyang'ata.

Meno ya mbele yalimtoka mwaka juzi, moja baada ya jingine, na machache yaliyobaki nyuma hayakutani. Embe hulifyonza. Papai hulichota kwa kijiko. Lakini tufaha, tunda alilolipanda kwa mikono yake kwenye matuta ya kilima juu ya mji wa Kabale, katika eneo la Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, hulichukua, hulipangusa kwa shati, hulinusa upande wa kikonyo, kisha humpa mjukuu aliye karibu. Nilipokwenda nyumbani wakati wa mavuno nilimwona akifanya hivyo mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu niliingia jikoni, nikamwambia Mama anitafutie sufuria kubwa kuliko zote alizo nazo.

Nitasema kwanza kuhusu jina, maana nyumbani kwetu jina la tunda hili halijapata mwafaka. Kwa Mama tunasema Rukiga, kwa Baba tunasema Kiswahili. Baba ni mtu wa Mombasa. Alifika Kabale akiendesha lori, katika barabara ile ndefu ya Malaba, Jinja, Kampala, Masaka, Mbarara hadi mpakani Katuna, na safari moja lori likaharibika, akakaa wiki mbili, akamwona binti anayeuza viazi sokoni. Mimi ni mtoto wa tatu wa lori hilo. Kwao Baba, pwani, tufaha ni tunda jingine kabisa: jekundu, lina umbo kama la pea, nyama yake nyeupe imejaa maji, na ukilinusa unasikia waridi kwa mbali. Hilo ndilo tufaha, husema, na hili la Kigezi huliita epo kama wachuuzi wa soko la Nakasero, Kampala. Namwachia lake. Mimi shuleni nilisoma tufaha, na nitaandika tufaha.

Miti yenyewe ina habari yake. Tufaha ni mti wa baridi. Asili yake ni milima ya Tian Shan huko Kazakhstan, na aina nyingi zilizozoea Ulaya hutaka usingizi mrefu kila mwaka: saa 800, nyingine zaidi ya 1,000, za baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Bila usingizi huo macho ya matawi hayafunguki, maua hayatoki. Kabale ni mji wa baridi kwa kipimo cha Uganda. Uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, asubuhi ukungu unalala bondeni hadi saa tatu, na wageni kutoka Kampala hununua sweta wakishuka basi. Lakini baridi yetu kwa tufaha ni mzaha mtupu. Usiku zebaki hushuka hadi nyuzi 10 hivi na kusimama hapo.

Kwa hiyo miche iliyoanza kusambazwa Kigezi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mingi ikipitia kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano, ilikuwa ya aina mbili zisizodai baridi nyingi. Anna ilizalishwa Israeli. Golden Dorsett ilitoka Bahama, kwenye kisiwa chenye joto ambako hakuna aliyetegemea tufaha, katika shamba la mama aliyeitwa Dorsett. Hupandwa pamoja kwa sababu Anna haijitoshelezi kwa chavua, inamhitaji mwenzake achanue wakati uleule, na nyuki wafanye kazi kati yao. Baba alipanda Anna kumi na Dorsett nne. Na hata hizi, baridi ya Kabale haiwatoshi. Mti ukiachwa hivihivi hubaki na majani mwaka mzima kama mtu asiyejua kama ni usiku au mchana, ukitoa ua moja huku na jingine kule.

Dawa yake ni mikono. Baada ya mavuno tunaingia shambani na kuyaondoa majani yote, jani kwa jani, kwa uangalifu ili jicho lililo kwenye kwapa la jani lisijeruhiwe. Baba huita kazi hiyo kunyonyoa, kama kuku. Ukimaliza, mti umesimama uchi katikati ya kijani cha Kigezi, na mpita njia asiyejua atafikiri umekufa. Wiki chache baadaye macho yanavimba, na shamba zima linachanua kwa pamoja, maua meupe yenye wekundu pembeni. Mti umeaminishwa kwamba majira ya baridi yamepita. Ndiyo maana tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya halipati. Utotoni niliichukia kazi hiyo, vidole vilibaki na harufu ya majani kwa siku mbili. Sasa naona ni mojawapo ya mambo mazuri zaidi ambayo binadamu ameyapatanisha na mti.

Ila tunda letu, likishuka Kampala, halipewi heshima. Ni dogo. Linatoka na madoa ya mvua na makovu ya tawi. Pembeni yake limewekwa tufaha kutoka Afrika Kusini, limepakwa nta linang'aa, kila moja limebandikwa kijikaratasi chake, na mnunuzi mwenye fedha anapeleka mkono huko. Nimesimama sokoni nikamwona mama mmoja akilichukua tufaha la Kabale, akalibonyeza, akalirudisha. Nilitaka kumwambia: Mama, lako hilo la kung'aa ni la kula mezani, lakini kama una sufuria na mdalasini nyumbani, rudi uchukue haya. Sikusema. Ndiyo maana naandika.

Kuoka nilijifunza nikiwa na miaka 19, katika nyumba ya wageni kando ya Ziwa Bunyonyi. Nilikuwa msaidizi wa jikoni, kazi yangu kumenya. Kila Ijumaa palikuwa na pai ya matufaha kwa wageni, na kila Alhamisi sanduku la matufaha ya kijani liliteremshwa kutoka basi la Kampala, saa nane njiani, huku ng'ambo ya kilima miti ya Baba imeinama. Niliuliza mara moja. Niliambiwa wageni wanataka tufaha wanalolijua. Mpishi aliyenifundisha alikuwa mtu mwema mwenye mkono mwepesi ajabu, na mengi nitakayosema hapa ni yake, ila kwenye hilo la matufaha hatukukubaliana.

Mpishi huyo ndiye aliyenifundisha pai isiyo na kifuniko. Pai nyingine hufunikwa kwa donge lililosukumwa, kama sambusa kubwa. Hii juu yake humwagiwa chenga: unga, sukari na siagi vilivyosuguliwa kwa vidole hadi vikawa vijidonge, vingine kama punje za mtama, vingine kama maharagwe. Wajerumani huita Streusel, kutokana na neno lao la kunyunyiza, na wahamiaji wa Kijerumani waliifikisha Pennsylvania, Marekani. Huko majirani waliwaita Dutch, neno ambalo Kiingereza cha zamani kiliwaita pia Wajerumani, na hadi leo pai hiyo huhesabiwa kuwa ya Waholanzi ambao hawakuhusika. Kwa mzee asiye na meno chenga ni bora mara kumi kuliko kifuniko. Huyeyuka mdomoni. Kifuniko kinataka kutafunwa.

Pai yangu ya kwanza kwa matufaha ya nyumbani niliioka Kampala, chumbani kwangu Makindye, kwenye oveni ndogo ya umeme, na ilikuwa mchuzi. Nilikata, maji yakatiririka hadi ukingo wa meza, kitako cha pai kikawa kama chapati iliyosahauliwa kwenye chai. Nilikaa na ile trei mbele yangu jioni nzima nikitafuta kosa. Makosa yalikuwa mawili, na ukiyaelewa haya mawili umeshaijua pai.

La kwanza ni siagi. Donge la kitako hulegea mdomoni kwa sababu siagi imebaki vipande vipande ndani ya unga, vidogo kama kucha. Kwenye moto kila kipande kinayeyuka na kuacha pengo, maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke na kuinua unga tabaka kwa tabaka. Siagi ikiyeyuka kabla ya kufika motoni, mapengo hayo hayapo, unapata bamba. Makindye mchana kuna nyuzi 27 au 28. Mikono yangu ilikuwa na joto, meza ina joto, unga una joto. Ukiwa Kampala weka kila kitu kwenye friji, hata bakuli, hata unga, na donge likishakusanyika lirudishe friji kwa saa nzima kabla ya kulisukuma. Na usilikande. Sisi tuliolelewa kwa chapati mikono yetu inataka kukanda, tunajua donge zuri ni lile linalovutika. Hapa kuvutika ndiko kunakoharibu. Kusanya tu hadi unga usionekane, uache.

La pili ni maji ya tunda lenyewe. Tufaha kwa sehemu kubwa ni maji, na sukari ikiligusa huyavuta nje. Ukilitia bichi kwenye kitako, maji yote hayo yanashuka chini wakati unga haujaiva. Basi yatoe kabla. Hapo ndipo nilipofika jikoni kwa Mama nikiwa na mpango.

Nilimenya kilo moja na robo, zaidi Anna, zilizochumwa siku chache kabla ya kuiva sana, zikiwa bado na ukali unaokaza shavu. Ukali huo ndio sababu nalitetea tunda hili. Tufaha tamu la mezani likipikwa na sukari linabaki utamu mtupu, halina la kukuambia. Anna iliyochumwa mapema inabaki na kauli yake hata baada ya moto. Nilikata vipande vya unene wa kidole kidogo, nikatia sukari gramu 100 (ya Kakira, ile ya rangi ya asali, na sioni haja ya nyeupe), chumvi kidogo, maji ya ndimu moja, kijiko kidogo cha mdalasini na karafuu mbili zilizotwangwa. Karafuu ni amri ya Baba, yeye chakula kitamu kisicho na karafuu hukiona hakijamalizika. Nikaacha nusu saa. Bakuli likajaa maji yenye harufu ambayo ilimtoa Mama uani.

Maji hayo nikayachuja kwenye sufuria ndogo, nikayachemsha hadi yakabaki robo, mazito kama asali mpya. Vipande navyo nikavipasha moto polepole kwenye sufuria yenye mfuniko, viwe vya moto lakini visichemke, kwa dakika kumi. Jambo hili linashangaza: tufaha lililopitishwa kwenye joto la nyuzi 60 na kitu kwanza, hukaza. Utomvu unaoshikilia nyama yake hujifunga, na baadaye ndani ya oveni kipande kinalainika bila kuvunjika kuwa uji. Ukilikimbiza moja kwa moja kwenye moto mkali linamomonyoka. Kisha nikarudisha ile asali, nikachanganya na vijiko viwili vya wanga wa muhogo. Vitabu husema wanga wa mahindi. Wa muhogo hushika kwa joto dogo zaidi, na hauachi ukungu, unaona tunda linang'aa ndani.

Kitako: unga wa ngano gramu 180, siagi gramu 110, chumvi, na vijiko vinne vya maji. Hapa Kabale ilinilipa. Maji ya jerikeni yaliyolala nje usiku yalikuwa baridi kiasi cha kuumiza meno, na siagi niliyoiacha kwenye kibaraza ilikatika kwa kisu kama sabuni. Friji hatuna pale, na sikuihitaji. Nilisukuma saa moja na nusu asubuhi kwenye kibao cha chapati cha Mama, ukungu ukiwa bado umeegemea mlango, na donge halikunata hata mara moja. Mti uletwe huku kwa sababu ya baridi, na donge nalo lipende baridi ileile. Nilisimama na unga mikononi nikifurahi peke yangu.

Chenga: unga gramu 130, sukari 100, siagi 90, mdalasini, chumvi. Watu wengi hukosea kwa kuzisugua hadi ziwe mchanga. Mchanga ukiiva unakuwa vumbi tamu. Bana kiganjani, finyanga, achia, vunja kwa vidole, acha madonge. Na tafadhali iwe siagi. Majarini nimeijaribu, haina kosa kwenye mkate, lakini hapa chenga ni siagi iliyovaa unga, hakuna pa kuificha.

Oveni yetu ilikuwa sigiri mbili na sufuria. Chini ya sufuria kubwa nilitandaza mchanga wa vidole viwili, juu ya mchanga mawe matatu madogo, juu ya mawe trei ya bati yenye pai. Mfuniko, na juu ya mfuniko sinia la chuma la makaa. Wanaooka keki hivi wanajua kwamba kazi yote ni kugawa moto kati ya chini na juu. Kwa pai hii kitako ndicho kinachotaka moto mapema, chenga zinataka mwishoni. Nikapasha sufuria tupu dakika 20 kwanza, mchanga ukawaka. Pai ilipoingia, makaa mengi yalikuwa chini na juu nimeweka vipande vitano tu. Baada ya dakika 35 nikapunguza chini, nikaongeza juu, nikangoja dakika 25 nyingine. Mwenye oveni aweke nyuzi 200 kwa dakika 20, ashushe hadi 180 kwa dakika 40. Kabale huwa naongeza dakika kumi: kwenye urefu huu maji huchemka karibu na nyuzi 94, na tunda lililozungukwa na maji yake haliwezi kupata moto zaidi ya hapo hata ukoleze makaa vipi. Ishara ya kuiva usiitafute kwenye rangi peke yake. Tazama ukingoni, mchuzi utoke ukiruka mapovu mazito, ya polepole, kama uji wa mtama unapokaribia kuiva. Mapovu mepesi ya haraka ni maji bado.

Na ipoe. Saa mbili, tatu. Ni sehemu ngumu kuliko zote, kwa maana kufikia hapo watoto wa jirani wameshajipanga kwenye ukuta na Mama ameuliza mara nne. Wanga unashika ukipoa. Ukikata pai ya moto unajirudishia ule mchuzi wa Makindye.

Baba alikuwa amekaa juani kibarazani. Nilimpelekea kipande kwenye sahani ya bati pamoja na kijiko, na kikombe cha bushera, kinywaji cha mtama, pembeni. Kipande kilisimama. Kitako kililia chini ya kijiko, ule mlio mkavu, na nikahema kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akachota kidogo kutoka juu, chenga peke yake. Akaziweka ulimini, akafumba mdomo, akangoja. Kisha akachota hadi chini, chenga na tunda na kitako kwa pamoja. Mashavu yake yalisogea taratibu, ulimi ukilibonyeza tunda juu kwenye kaakaa, na nikaona ule ukali unamfikia, jicho moja likajifinya kama zamani alipokuwa aking'ata tufaha la kwanza la mavuno amesimama chini ya mti.

"Ni letu hili?" akauliza.

"Ni letu, Baba. Wa ukingoni, karibu na kisima."

"Anna."

"Anna."

Akala kipande kizima bila neno jingine. Mama alikuwa mlangoni ameegemea mhimili, mikono kifuani, akimtazama kwa namna ambayo ilinifanya nigeuke nitazame sufuria. Alipomaliza, Baba alizikusanya chenga zilizobaki kwenye sahani kwa ncha ya kidole, moja moja, akazila. Akanirudishia sahani.

"Mwanangu, ule wa ukingoni mmeshaunyonyoa?"

Nikamwambia bado, tulikuwa tukingoja Jumamosi.

"Jumamosi mbali," akasema, akanyoosha mkono kutafuta fimbo yake.